Uso wa Mtu na Ubongo Wake

Kila siku asubuhi na mapema, wanawake wachuuzi wa Kalemie husimama ufukoni kungoja wavuvi. Wavuvi wamekesha ziwani usiku kucha, taa zao zikiwaka juu ya maji ili kuvuta ndagala. Sasa wanarudi. Mitumbwi haijagusa mchanga bado, lakini wale wanawake wamekwisha kujua kama usiku ulikuwa mwema au mbaya. Hakuna aliyewaambia neno. Samaki nao hawaonekani, maana wamo chini ndani ya mtumbwi. Basi wamejuaje? Wamezitazama nyuso za wavuvi.

Mvuvi naye si mjinga. Aliyepata samaki wengi pengine hukunja uso, ili wachuuzi wadhani amepata kidogo na kumpa bei kubwa. Wageni katika biashara humsadiki. Wenye kuizoea humtazama machoni, kisha wakacheka.

Kusoma uso ni kazi ambayo kila mtu huifanya, hata yule asiyejua herufi moja. Tena huifanya upesi, bila kujua kwamba anafanya kazi. Anayesoma si jicho. Jicho ni dirisha tu. Msomaji ni ubongo.

Tuanze na uso wenyewe. Chini ya ngozi ya uso kuna misuli midogo midogo, yapata 40. Misuli ya mkono huvuta mifupa, na kwa hiyo mkono waweza kuinua ndoo ya maji. Misuli ya uso ni ya namna nyingine: mingi huvuta ngozi tu. Mmoja huinua nyusi, mwingine hukunja kipaji, mwingine huvuta pembe ya mdomo kuelekea sikio. Misuli hiyo huamrishwa na mishipa miwili ya fahamu, mmoja kila upande. Mshipa huo hutoka katika ubongo, hupita karibu na sikio, kisha hutawanyika usoni kama matawi ya mti. Ukiugua mmoja, nusu ya uso hulegea. Mgonjwa akifurahi, upande mmoja wa uso hucheka, upande wa pili hulala. Watu wasiomjua husema, "Huyu ana dharau." Kumbe hana dharau hata kidogo.

Daktari mmoja Mfaransa, Guillaume Duchenne, aliigusa misuli ya uso kwa umeme mdogo apate kujua kazi ya kila mmoja. Mwaka 1862 alitoa kitabu chenye picha za nyuso hizo. Aliona kwamba mtu anayecheka kwa furaha huvuta pembe za mdomo, na tena ngozi ya kando ya macho yake hukunjamana. Anayejilazimisha kucheka mara nyingi huvuta mdomo tu. Kila mtoto aweza kujaribu mambo hayo mbele ya kioo. Lakini wapo watu hodari wa kujifanya, ambao hata macho yao husema uongo.

Wazee waliotuachia maneno ya Kiswahili walikuwa wameyaona hayo zamani. Walisema kwamba aliyekasirika amekunja uso, kama mtu akunjavyo nguo. Na mtu mchangamfu walimwita mkunjufu, yaani uso wake umekunjuka.

Sasa tuingie ndani ya kichwa. Ubongo wa mtu mzima una uzito wa kilo 1 na gramu 300 au 400 hivi. Nuru ikiingia machoni, mishipa ya fahamu huichukua habari yake na kuipeleka mpaka nyuma kabisa ya kichwa, kwenye kisogo. Huko ndiko ubongo unakoanza kuona. Huona kwanza mistari, pembe, giza na mwanga. Kutoka huko habari hugawanywa na kupelekwa sehemu nyingine, kila sehemu na kazi yake. Na jambo la ajabu ni hili: upande wa chini wa ubongo, nyuma kidogo ya masikio, pana sehemu ambayo hushughulika sana na nyuso. Mtu akitazama nyumba au kiti, sehemu hiyo hufanya kazi kidogo. Akitazama uso, huamka mara, hasa ile ya upande wa kuume. Mwaka 1997 Nancy Kanwisher na wenzake huko Marekani waliieleza sehemu hiyo, baada ya kutazama bongo za watu walio hai kwa mashine, bila kuwapasua.

Kazi hiyo huchukua muda gani? Hata sehemu moja ya tano ya sekunde haijaisha, ubongo umekwisha kujua kwamba kitu hiki ni uso. Kufumba na kufumbua jicho ni karibu muda ule ule.

Sehemu hiyo ikiumia, mtu hubaki na macho mazima lakini nyuso zinampotea. Mwaka 1947 daktari mmoja Mjerumani, Joachim Bodamer, aliandika habari za wagonjwa wa namna hiyo. Mmoja alikuwa kijana aliyepigwa risasi kichwani. Aliona pua, aliona mdomo, aliona macho. Lakini hakuweza kusema uso huo ni wa nani. Hakuwajua rafiki zake wala jamaa zake mpaka aliposikia sauti zao. Hata uso wake mwenyewe katika kioo ulikuwa uso wa mgeni. Wapo pia watu waliozaliwa na shida hiyo, wala hawakuumia popote. Mtoto wa namna hiyo aweza kupishana njiani na mwalimu wake asimsalimu, kisha akaitwa mtoto asiye na adabu. Yeye mwenyewe hajui kosa lake ni nini.

Wengine katika watu hao huutazama uso wasijue ni wa nani, lakini huona vema kwamba umekasirika. Kwa hiyo wataalamu walitambua kwamba ubongo unafanya kazi mbili: moja ni kujua mwenye uso, na ya pili ni kujua hali ya uso. Njia zake hazifanani.

Katika hiyo kazi ya pili kuna viungo viwili vidogo vya kustaajabisha. Vimo ndani sana, kimoja kulia na kimoja kushoto, na ukubwa wa kila kimoja ni kama wa haragwe kubwa. Jina lake ni amigdala. Ni neno la Kigiriki lenye maana ya lozi, kwa sababu ya umbo lake. Amigdala husaidia kukesha kama mlinzi wa usiku. Kikitokea kitu cha hatari, au kitu chochote kikubwa kwa mtu, hutoa habari mara moja, na mwili wote hujiweka tayari: moyo hupiga mbio, pumzi huenda upesi, miguu hupata nguvu.

Watu wa Kalemie walijua jambo hilo mchana wa tarehe 5 Desemba 2005. Siku hiyo nchi ilitetemeka kwa nguvu ya 6.8. Tetemeko lilitoka chini ya ziwa, na nyumba zikaanguka mjini. Katika saa kama hiyo mtu hangoji kufikiri, miguu humtoa nje kwanza, kisha ndipo akili inapouliza, "Kumetokea nini?" Na hata aliye mbali akiuona uso wa mtu anayekimbia, macho wazi na mdomo wazi, hukimbia naye kabla ya kuuliza.

Lakini watu wasidhani kwamba amigdala ndiyo chumba cha hofu, na kwamba kuna chumba kingine cha hasira na kingine cha furaha, kama vyumba vya nyumba. Sehemu nyingi za ubongo hufanya kazi pamoja katika kila jambo la moyo. Hayo yanaonekana katika habari za mwanamke mmoja wa Marekani. Ugonjwa wa nadra ulikuwa umeiharibu amigdala yake pande zote mbili. Mwaka 1994 wataalamu waliandika kwamba aliweza kutambua uso wa furaha, lakini uso wa hofu hakuuelewa. Watu wakafikiri, basi, bila amigdala hofu haionekani. Miaka 11 ikapita. Mwaka 2005 waliyafuata macho yake kwa kifaa, waone anatazama wapi. Wakaona kwamba hayatazami macho ya watu. Na hofu hukaa hasa machoni: kope hufunguka, weupe wa jicho huonekana. Wakamwambia, "Tazama macho." Alipotazama macho, akaitambua hofu kama watu wengine. Walipoacha kumwambia, akarudia desturi yake. Shida yake, basi, haikuwa kukosa maana ya hofu. Ubongo wake haukumwambia mahali pa kutazama.

Mtoto huanza kazi hii lini? Mapema sana. Mtoto mchanga, hata saa zake za kwanza duniani, hugeuza macho kufuata kitu chenye umbo la uso kuliko kitu kingine. Haoni mbali. Huona vizuri zaidi kwa umbali wa sentimita 20 au 30 tu, na huo ndio umbali wa uso wa mama wakati wa kunyonyesha. Akifika majuma 6 au 8, humchekea mtu anayemchekea. Watoto waliozaliwa vipofu nao hucheka, ingawa hawajaona kicheko.

Mwaka 1978 Edward Tronick na wenzake huko Marekani walieleza jaribio dogo. Mama alicheza na mtoto wake kwa dakika chache. Kisha aliambiwa autulize uso wake, usicheke wala usikasirike, uwe kama ubao. Mtoto alishangaa. Alimchekea mama, apate kumwamsha. Mama hakujibu. Alijaribu tena. Mwishowe mtoto aligeuza kichwa, akanyong'onyea. Hakupigwa wala hakunyimwa maziwa. Aliukosa uso wa kumjibu, basi. Huko Kalemie mtoto huchukuliwa mgongoni, naye haoni uso wa mama njiani. Lakini huwaona wote wanaofuata nyuma, na ni nani awezaye kupita nyuma ya mtoto wa mgongoni asimchekee?

Nyuso huambukizana. Mtu akitazama picha ya uso unaocheka, misuli ya mashavu yake huanza kuvutika kabla hata sekunde moja haijaisha, kidogo sana, hata haionekani ila kwa chombo. Akitazama uso wa hasira, misuli ya kipaji ndiyo inayovutika. Ulf Dimberg wa Uswidi ndiye aliyeyapima hayo. Kila mwanafunzi ameyaona darasani: mmoja akishikwa na kicheko, wa pili hawezi kujizuia, na wa tatu huanza kucheka asijue sababu.

Mara moja jambo hilo lilipita kiasi. Ilikuwa Kashasha, karibu na Bukoba, katika Tanganyika ya siku zile, ambayo sasa ni Tanzania. Palikuwa na shule ya misioni ya wasichana, nao walilala hapo hapo. Tarehe 30 Januari 1962 wasichana 3 walianza kucheka, wakashindwa kunyamaza. Kicheko kikawaingia wengine. Katika wanafunzi 159, waliopatwa walifika 95, na tarehe 18 Machi shule ikafungwa. Wasichana waliporudi makwao, kicheko kikatokea vijijini pia. Madaktari walitafuta sumu, wakatafuta vijidudu vya ugonjwa, hawakuona kitu. Na hao wasichana hawakuwa na furaha. Walicheka, wakalia, wakahangaika, wengine waliogopa sana. Madaktari walidhani kwamba moyo uliosumbuka ulikuwa umetafuta njia ya kutokea, na njia hiyo ikawa kicheko. Aliyewatazama kwa mbali angesema, "Wasichana hawa wanafurahi kweli!"

Meno yaliyo wazi si alama ya furaha siku zote. Ng'ambo ya ziwa, karibu mkabala wa Kalemie, iko milima ya Mahale, ambako sokwe wengi wanaishi. Wataalamu wa Japani wamewafuata tangu mwaka 1965. Kaskazini zaidi, huko Gombe, Jane Goodall alianza kuwatazama sokwe mwaka 1960. Sokwe anapoonyesha meno yote, ya juu na ya chini, mara nyingi anaogopa, au anajinyenyekeza mbele ya mkubwa wake. Anapocheza kwa furaha, hufungua mdomo kwa ulegevu, meno ya juu hufunikwa na mdomo, naye hutoa pumzi za haraka. Picha za sokwe "anayecheka" ambazo watu huzipenda pengine ni picha za sokwe mwenye hofu.

Je, watu wote wa dunia husoma uso namna moja? Charles Darwin, Mwingereza, alituma maswali kwa barua katika nchi nyingi, na mwaka 1872 aliandika kwamba alama nyingi za uso ni moja kwa watu wote. Miaka ya 1960 Paul Ekman, Mmarekani, alipeleka picha kwa watu wa kisiwa cha New Guinea, akasema hivyo hivyo. Kwa muda mrefu wengi walifikiri kwamba maneno yamekwisha.

Lakini Maria Gendron na wenzake walikwenda kwa Wahimba wa Namibia, wakawapa picha za nyuso wazigawe mafungu. Wahimba hawakutaja sana hasira au huzuni. Walitaja tendo: "Huyu anacheka," "Huyu anatazama." Kisha wenzao hao wakaenda Tanzania kwa Wahadza, wanaokaa karibu na ziwa la Eyasi na kuishi hasa kwa kuwinda na kukusanya matunda, mizizi na asali. Walisimulia hadithi fupi, wakaonyesha nyuso, wakauliza uso upi ni wa hadithi ile. Habari zake zilitolewa mwaka 2020. Wahadza hawakuchagua kama Wamarekani walivyotazamia. Hao wataalamu wakasema kwamba ubongo huusoma uso kwa mafundisho uliyoyapata nyumbani na kijijini. Wengine hawajakubali, na mabishano yanaendelea mpaka leo. Inaelekea kila upande una sehemu ya kweli: mtoto huzaliwa na hamu ya nyuso, bali maana ya uso hujifunza kwa watu wake.

Kalemie yenyewe yaonyesha jambo hilo. Mtoto akiitwa na mzee, huinamisha macho. Ni heshima, na mzee husema amelelewa vema. Katika nchi nyingine mtoto huambiwa, "Nitazame ninaposema nawe!" na anayeinamisha macho hudhaniwa ameficha kosa. Macho ni yale yale, ubongo unaoyasoma si ule ule.

Tena ubongo hausomi uso peke yake. Mwaka 2012 Hillel Aviezer na wenzake walichukua picha za wachezaji wa tenisi, wengine wakati waliposhinda mchezo mkubwa, wengine waliposhindwa. Walikata picha, wakaonyesha uso bila mwili. Watazamaji hawakuweza kupambanua nani ameshinda. Walipoonyeshwa mwili bila uso, walijua. Hata kwenye kiwanja cha mpira ni hivyo: aliyetia bao hupiga kelele huku amekunja uso wote, na kama pasingekuwa na mikono iliyoinuliwa na wenzake wanaomrukia, mtu angedhani amevunjika mguu.

Ubongo, basi, hukisia. Huchukua alama chache za uso, huziunganisha na mahali, na watu waliopo, na mambo yaliyompata mtu zamani, kisha hutoa jibu. Jibu huja upesi sana, hata mtu hudhani ameona kwa macho. Mara nyingi ni sawa. Mara nyingine si sawa.

Na mambo ya zamani yana nguvu kubwa. Seth Pollak wa Marekani aliwaonyesha watoto picha za uso unaobadilika pole pole. Watoto waliokuwa wamepigwa vibaya nyumbani waliitambua hasira mapema kuliko wenzao, wakati alama zake ni chache bado. Bongo zao hazikuwa mbovu. Zilikuwa zimejifunza vizuri somo ambalo mtoto hapaswi kufundishwa: ukichelewa kuiona hasira ya mkubwa, utaumia. Lakini mtoto huyo akienda shuleni, huleta somo hilo pamoja naye. Huona hasira katika uso wa mwenzake ambao umechoka tu, naye hurudi nyuma, au hupiga kwanza.

Katika jimbo la Tanganyika, hasa tangu mwaka 2016, mapigano kati ya Batwa na Baluba yaliwafukuza watu wengi sana vijijini mwao, na wengi walikuja kukaa katika kambi karibu na Kalemie. Watoto wao waliona mambo mazito. Mtoto aliyeona hayo aweza kuwa na uso uliotulia kama ule wa mama katika jaribio la Tronick. Wenzake humchekea mara moja, mara mbili, naye hajibu. Wakasema anajivuna, wakamwacha peke yake. Yeye upande wake amewatazama wale wanaonong'ona, na ubongo wake umekwisha kumpa jibu: wananichukia. Wote wawili wamesoma upesi, kwa chini ya sekunde moja, na hakuna aliyeuliza. Pengine mtoto yule amelala bila kula. Pengine haelewi maneno ya darasani bado. Pengine ameketi mahali ambapo jua la asubuhi, likitoka upande wa ziwa, humpiga machoni.